Uzoefu wa Watumishi ni Mtaji wa Biashara ya Nje

Katika maelezo yetu ya leo baada ya taarifa ya habari tutazungumzia jambo ambalo wengi wenu mnalipita kila siku mkiwa kazini mpakani Busia na Malaba, au mnaposikia honi za malori mkiwa Rubongi na Tororo mjini. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini kampuni moja hufaulu kuuza bidhaa zake nchi ya nje, na jirani yake, yenye bidhaa ile ile, bei ile ile na lori la aina ile ile, hushindwa?

Wako wasemao kwamba tofauti ni mtaji. Wako wasemao kwamba ni ushuru, au barabara, au upendeleo. Mambo hayo yote yana uzito wake. Lakini historia ya mpaka huu, na ya nchi nyingine pia, yaonyesha kwamba kinachokosekana mara nyingi ni mtu. Kampuni haina mtumishi aliyekwisha kuifanya kazi ya kuuza nje mahali pengine, akaona makosa yake, akajua dawa yake. Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Katika biashara ya nje, aliyeona mengi ni mtaji kama ulivyo mtaji wa fedha.

Tuanze na mlango wenyewe. Hapana asiyekumbuka kwamba Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2000. Tarehe 1 Januari 2005 ulianza Umoja wa Forodha, na tangu siku hiyo bidhaa zilizozalishwa Uganda kwa kufuata kanuni za asili ya bidhaa ziliruhusiwa kuingia Kenya bila ya ushuru wa forodha. Soko la Pamoja lilianza Julai 2010. Kisha, tarehe 24 Februari 2018, marais wa Uganda na Kenya walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na msafiri au mzigo husimama mara moja tu badala ya mara mbili.

Hata mfanyabiashara mdogo hakusahauliwa. Mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa yake imo katika orodha iliyokubaliwa, anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani. Kwa maneno mengine, mlango umefunguliwa. Swali linalobaki ni nani ajuaye kuupita.

Ndugu msikilizaji, jibu la swali hilo lilionekana waziwazi mwezi Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo wakuu wa kilimo wa Kenya walisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania. Sababu waliyoitoa ni sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu anayeota juu ya nafaka isiyokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Sumu hiyo si jambo la mzaha. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walifariki dunia. Nchi iliyozika watu kiasi hicho haiwezi kulaumiwa kwa kuwa na hadhari.

Baada ya siku chache, tarehe 10 Machi, zuio lile liliondolewa, lakini yakawekwa masharti. Waingizaji wa mahindi hawana budi kuandikishwa. Mzigo uwe na cheti kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Tena uwe na hati inayoonyesha mahali mahindi yalikotoka.

Tutafakari maana ya masharti hayo. Kwa mfanyabiashara aliyezoea kununua magunia kijijini, kuyapakia na kuyapeleka mpakani, masharti yale yalikuwa ukuta. Hakujua maabara ya kupima iko wapi, sampuli huchukuliwaje, wala cheti huombwa kwa nani. Bali kwa kampuni yenye mtumishi aliyewahi kufanya kazi katika ghala la nafaka linalouza nje, au katika shirika la kununua chakula cha misaada, masharti yale yalikuwa kazi ya kawaida. Mtumishi wa namna hiyo ajua tangu zamani kwamba kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Hangoji kuulizwa mpakani. Hupima unyevu kabla ya kununua, huyakataa magunia mabichi mbele ya mwuzaji, huanika juu ya maturubai wala si juu ya udongo, na huchukua sampuli katika sehemu nyingi za shehena, kwa sababu sumukuvu yaweza kuwa katika gunia moja na isiwe katika gunia la pili. Lori lake likifika Busia, maneno yote yamekwisha kusemwa na karatasi.

Hapa ndipo yatupasa kueleza ni ujuzi gani hasa anaouleta mtumishi mzoefu. Tunaweza kuugawa katika mafungu manne.

La kwanza ni ujuzi wa kiwango. Mzoefu ajua mnunuzi wa nje anataka nini kabla ya bidhaa kutengenezwa, na huanzia kazi yake shambani na kiwandani. Kurekebisha kosa shambani ni kazi ya dakika chache. Kurekebisha kosa hilo hilo mpakani ni kazi ya siku nyingi, na huku lori linalipiwa maegesho na nafaka inapata joto.

La pili ni ujuzi wa hati. Ankara, orodha ya mizigo, cheti cha asili ya bidhaa, cheti cha afya ya mimea, cheti cha ubora: kila moja ina ofisi yake, muda wake na namna yake ya kujazwa. Uzito ulioandikwa katika hati moja ukitofautiana na ule wa hati nyingine, mzigo husimama. Husemwa kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mpakani, mali bila hati haivuki.

La tatu ni ujuzi wa watu. Mnunuzi wa Eldoret, Juba au Goma hamjui mwenye kampuni mpya ya Tororo. Lakini huenda anamjua karani wake wa mauzo, kwa sababu walifanya biashara pamoja miaka mitano iliyopita bila ya kudhulumiana. Uaminifu huo haununuliwi dukani. Huja pamoja na mtu mwenyewe.

La nne ni ujuzi wa malipo. Kuuza nje maana yake ni kumwachia mali mtu aliye chini ya sheria ya nchi nyingine. Mzoefu ajua ni mnunuzi yupi alipe kabla ya mzigo kuondoka, yupi aaminiwe kwa dhamana ya benki, na bei itajwe kwa fedha ya nchi gani ili faida isiliwe na mabadiliko ya thamani ya fedha.

Ndugu wasikilizaji, pengine mtauliza kama jambo hili limethibitishwa, au ni maoni ya mtangazaji tu. Limechunguzwa. Mwaka 2014 wataalamu wawili wa uchumi, Giordano Mion na Luca David Opromolla, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya kampuni za Ureno na mameneja waliohama kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Waligundua kwamba kampuni iliyopata meneja aliyewahi kufanya kazi katika kampuni yenye kuuza nje ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuanza kuuza nje. Tena waligundua kwamba uzoefu wenye nguvu zaidi ni ule wa soko lenyewe: aliyeuza katika nchi fulani huisaidia kampuni yake mpya kuingia katika nchi hiyo hiyo. Na mameneja hao walilipwa mishahara mizuri zaidi, jambo linaloonyesha kwamba waajiri wenyewe waliijua thamani yao.

Mfano mkubwa kuliko huo watoka Bangladesh, nchi ambayo mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa maskini na haikuwa na jina katika biashara ya nguo. Mwaka 1979 kampuni moja mpya ya huko, iitwayo Desh, iliwapeleka watumishi wake 130 nchini Korea ya Kusini, katika kiwanda cha kampuni ya Daewoo mjini Pusan. Walikaa miezi sita wakijifunza kushona, kusimamia kazi, kukagua ubora na kuwauzia wanunuzi wa ng'ambo. Waliporudi, kiwanda chao kiliuza mashati 43,000 katika mwaka wake wa kwanza, 1980. Kufikia mwaka 1987 mauzo yalikuwa yamepita mashati milioni 2 kwa mwaka.

Lakini jambo kubwa zaidi ni lile lililofuata. Katika miaka hiyo ya 1980, watumishi 115 kati ya wale 130 waliiacha Desh, wakaenda kuanzisha au kuongoza viwanda vingine vya nguo. Kila mmoja aliondoka na ujuzi wake kichwani. Leo Bangladesh ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza nguo nje. Hapana shaka kwamba mambo mengine pia yalisaidia, lakini mbegu ilikuwa wale watu 130 waliojifunza kazi kwa mikono yao, kisha wakatawanyika.

Sisi pia tunao ushahidi wetu, na sehemu yake ni chungu. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza amri ya kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Maduka na viwanda viligawiwa watu wengine, wakiwamo askari. Katika siku zile wengi walidhani kwamba mali ni jengo na mashine. Majengo yalibaki na mashine zilibaki. Kilichoondoka ni ujuzi: nani auzaye vipuri na kwa masharti gani, nani anunuaye bidhaa, benki ipi itakubali dhamana, meli ipi itabeba. Upungufu wa fedha za kigeni na vurugu za utawala zikaongeza madhara. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 utengenezaji wa sukari ulikuwa karibu kukoma, na kiwanda cha saruji cha Tororo, fahari ya mji ule tangu miaka ya 1950, kilikuwa kimedhoofika vibaya. Uganda ikabaki kuitegemea karibu kahawa peke yake kwa mauzo ya nje.

Ufufuo ulikuja pale ujuzi uliporudi. Familia ya Madhvani ilirejea mwaka 1985 na kazi ya kukifufua kiwanda cha sukari cha Kakira ikaanza. Kiwanda cha saruji cha Tororo kiliuzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, na baadaye saruji yake ikaanza kuvuka mipaka ya Uganda.

Ushahidi wa pili watoka Ziwa Victoria, ambalo Wilaya ya Busia inalifikia pale Majanji. Mwaka 1997 Uhispania na Italia zilikataa samaki wa ziwa hilo kwa sababu ya vijidudu vya salmonella, na mwaka 1999 soko la Ulaya lilifungwa kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Viwanda vilisimama na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Samaki wa ziwa walikuwa wale wale. Kilichotakiwa kibadilike ni kazi ya watu. Ukaguzi uliwekwa mikononi mwa Idara ya Uvuvi, wakaguzi wakafundishwa, mialo ikatengenezwa, na viwanda vikawa na wasimamizi wa ubora wanaojua kutafuta hatari katika kila hatua, tangu mashua mpaka barafu. Mwaka 2000 Ulaya ilifungua tena mlango wake kwa Uganda. Tangu hapo msimamizi wa ubora si pambo la kiwanda cha samaki. Ndiye funguo ya soko.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, yatupasa kutoa tahadhari. Si kila ajigambaye kuujua mpaka ni mzoefu wa biashara ya nje. Mpaka huu una historia ndefu ya magendo. Katika miaka ya 1976 na 1977, bei ya kahawa ilipopanda duniani, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa siri hadi Chepkube, upande wa Kenya, na watu wakatajirika usiku mmoja. Hata leo njia za panya zingalipo. Lakini mkongwe wa njia za panya anaijua njia tu, hajui soko. Mzigo wake hauna cheti, kwa hiyo hauwezi kuuzwa kwa kiwanda kikubwa. Akidhulumiwa hana mahakama ya kwenda. Mzigo ukikamatwa, mtaji wote umepotea. Kampuni imwajiriyo mtu wa namna hiyo kwa sababu tu “anajuana na watu” haikununua uzoefu, imenunua kesi.

Tahadhari ya pili ni kwamba mzoefu peke yake si dawa. Kampuni ikimwajiri mjuzi, kisha mkurugenzi akayapuuza maneno yake na kuamuru magunia mabichi yapakiwe, imepoteza mshahara wake bure. Mzoefu hana budi kupewa mamlaka ya kuukataa mzigo mbaya. Vile vile awe na vijana chini yake wa kufundishwa, ili siku akiondoka asiondoke na kampuni nzima.

Na kampuni ndogo isiyoweza kulipa mshahara wa mtu kama huyo ifanyeje? Vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa soko moja wanaweza kumwajiri mtu mmoja kwa shirika, akawakagulia nafaka wote na kuwatayarishia hati wote. Mawakala wa forodha waliosomea kazi yao na kupata cheti chake katika Afrika Mashariki wapo mpakani. Ada ya wakala mwaminifu ni ndogo kuliko hasara ya lori moja lililorudishwa.

Sasa tuje kwenu, ndugu askari. Jambo hili lawahusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kazi yenu ya kila siku. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 inahusu kuondoa vikwazo visivyo vya kodi, na miongoni mwa vikwazo ambavyo wafanyabiashara wamevilalamikia kwa miaka mingi ni vizuizi vingi vya barabarani. Askari aijuaye hati halali kwa kuitazama hulipa njia lori la mwaminifu, akabaki na muda wa kulichungua la mhalifu. Askari asiyeijua hulizuia la kwanza na kulikosa la pili. Ujuzi wenu barabarani nao ni sehemu ya biashara ya nje ya taifa.

Njia ya pili ni maisha yenu baada ya utumishi. Wengi miongoni mwenu mmetunza stoo, mmehesabu shehena, mmepanga misafara ya magari na kuifikisha kwa saa iliyowekwa, mmetia sahihi vitabu vya kupokea na kutoa mali. Kampuni inayoanza kuuza nje inamhitaji mtu wa aina hiyo. Lakini msijidanganye kwamba nidhamu peke yake inatosha. Mwenye kutarajia kustaafu na aanze mapema kujifunza viwango, hati za forodha na hesabu za biashara, akaongeza ujuzi huo juu ya ule alio nao. Baunsa wa lango la kampuni wapo wengi. Msimamizi wa ghala ajuaye kwa nini gunia hili livuke na lile lisivuke ni haba.

Ndugu wasikilizaji, mlango wa Busia ulijengwa kwa saruji na chuma, na serikali zetu zimekwisha kuufungua. Kazi ya kuupita ni ya watu. Kampuni zitakazomtafuta mzoefu, zikamlipa haki yake, zikamsikiliza na kuwapa vijana nafasi ya kujifunza kwake, ndizo ambazo malori yake yatavuka asubuhi na kurudi jioni na fedha. Zitakazoona kwamba mshahara wa mjuzi ni gharama ya bure zitaendelea kujifunza kwa hasara, gunia baada ya gunia.